Kanywa, Kamaliza

Jumatano. Baridi ya mwezi wa sita, ile ya Sumbawanga inayokufuata mpaka ndani ya soksi. Jua limetoka, lakini ni la kuangalia tu.

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki. Mkono mmoja una simu, mwingine una kiatu cha mtoto, maana mwenyewe amekivua na kukitupa chini mpaka nimeamua kukishikilia. Yeye yuko mgongoni kwa bibi yake, wamesimama ukutani kule jua linakopiga, wamejifunika kitenge kimoja. Hapa nilipokaa nauona mzani kupitia mlango ulio wazi. Umening'inia na ile suruali yake ya kitambaa, unasubiri miguu ya watoto wa watu.

Nauogopa ule mzani.

Kwa aliyepita hapa leo kwa mara ya kwanza: mwanangu anaitwa Skola, kwa kirefu Skolastika, jina la bibi yake mzaa baba. Ana miezi kumi. Yuko kwenye maziwa ya kopo tangu akiwa mdogo sana, kwa sababu nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, nikalazwa, nikaugua zaidi baada ya kupasuliwa, na niliporudi nyumbani maziwa yangu yalikuwa yamekwenda zake. Nilihangaika kuyarudisha. Nilikunywa mtori, nilikunywa supu, nilikunywa kila nilichoshauriwa na kila mwanamke wa mtaa wetu wa Kizwite mwenye mdomo. Hayakurudi. Nililia, nikanyamaza, nikaenda duka la dawa kununua kopo.

Kopo lile limemlea. Silionei haya tena, ingawa ilinichukua muda kuacha kulificha wageni wakija.

Tatizo lililotuleta hapa ni jingine. Mwezi uliopita uzito wa Skola ulikuwa umesimama pale pale, na mwezi wa kabla yake ulikuwa umesimama vile vile. Nesi alitueleza cha kufanya, akasema tukifanye kwa mwezi mmoja. Asipoongezeka, atatuandikia twende hospitali ya mkoa akachunguzwe. Leo mwezi umetimia. Mbele yetu kuna kinamama wengi na watoto wenye mashavu, na mimi kila nikiona mashavu ya mtoto wa mwenzangu naangalia pembeni.

Kwa hiyo wacha niandike. Nikikaa bure nitainuka kwenda kumwambia nesi atupitishe sisi kwanza, na hawa kinamama watanimeza.

Kuna jambo ambalo mwezi mzima nimekuwa nalizunguka humu. Nimeandika kuhusu baridi, nimeandika kuhusu bei ya tairi, hili nimeliruka. Leo naliandika.

Bahati, dada aliyekuwa ananisaidia kazi za nyumbani, aliolewa mwezi wa tatu. Alikuwa na haki ya kuolewa na nilimchangia sherehe, ila moyoni nilinuna. Mimi nina duka la vipuri vya baiskeli kule Majengo. Spoku, cheni, tyubu, pedeli, hivyo ndivyo vinavyonilisha, na wateja wapya bado wananiuliza mwenye duka yuko wapi. Mume wangu Deo anaendesha Fuso, anabeba mahindi kwenda Tunduma na Mbeya, na kwake nyumbani ni kama mgeni mwenye ufunguo. Nani angebaki na mtoto? Deo akampigia mama yake kijijini Mwimbi. Mama akaacha ulezi wake shambani kwa mke wa shemeji yangu, akapanda gari, akaja.

Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi. Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, mengine yote anayasema kwa Kifipa. Mimi nimezaliwa Majengo, baba yangu alikuja kutoka Kigoma, na Kifipa changu kinaishia kwenye salamu. Hata hizo salamu, nikizijibu, mama anageuka pembeni ili nisimwone anacheka.

Siku aliyofika nilimzungusha jikoni. Nikamwambia, "Mama, maziwa ya Skola yako hapa kabatini, chupa zake hizi, maji ya moto yako kwenye chupa ya chai." Akasema haya. Nikaona nimemaliza, nikaenda zangu dukani. Mtu akinunua cheni kwangu namweleza mpaka jinsi ya kuipaka mafuta. Kwa mtoto wangu mwenyewe nilionyesha kabati tu.

Kila mchana nilikuwa napiga simu. Mazungumzo yalikuwa yale yale, naweza kuyaandika usingizini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Skola."

"Skola kanywa?"

"Kanywa. Kamaliza."

"Na kula je? Kala?"

"Aa, kula bado. Hajaanza kula huyu."

Mimi nilisikia hivi: kanywa maziwa, kamaliza chupa, chakula kagoma. Kesho yake tena, kanywa, kamaliza, kula bado. Kichwani nikajipigia hesabu zangu. Mtoto anashiba maziwa, ndiyo maana hataki chakula. Nikamweleza jirani yangu Mama Jeni, naye akasema ndivyo walivyo, wa kwake alikuwa hivyo hivyo, dawa yake ni kupunguza maziwa mpaka atie akili.

Nikapunguza.

Naliandika hili taratibu kwa sababu bado linaniuma. Asubuhi kabla sijatoka nilikuwa nampa Skola chupa yake nzima. Jioni nikirudi nampondea viazi na maharage, anavifakamia vijiko vya kwanza kama mtu aliyetoka safari, kisha usingizi unamchukua mdomo ukiwa wazi. Halafu badala ya chupa nzima ya kulalia nikawa nampa nusu, makusudi, ili kesho awe na njaa ya chakula. Akimaliza anaangalia chupa tupu, ananiangalia mimi. Nikawa namwambia, "Kesho ule chakula cha bibi, mwanangu." Mtoto wa watu anasikiliza tu.

Wakati huo huo nikaona kopo haliishi. Kipindi cha Bahati kopo lilikuwa linakwisha kabla sijajiandaa kununua jingine. Sasa nachota asubuhi, nachota jioni, na kopo lipo. Mtu anayefikiri vizuri angejiuliza swali moja rahisi. Mimi nilijiuliza swali baya. Nilijua mama ni mbanifu, mtu wa kukausha ganda la malenge akilitafutia kazi, na nilishamsikia akiguna nilipotaja bei ya kopo. Uzito umesimama, kopo halishuki, na kila siku naambiwa mtoto kamaliza. Nikaunganisha. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikampigia Deo nikamwambia, "Mama yako anachakachua maziwa ya mtoto. Anajaza maji. Jumamosi ukipita, mchukue umrudishe Mwimbi, mimi nitatafuta dada mwingine."

Akasema sawa, atapita.

Siku ya kliniki ya mwezi uliopita ikafika kabla ya hiyo Jumamosi, na nikamwambia mama twende wote. Nilimwambia ni kwa sababu Skola amemzoea. Uongo. Nilitaka asutwe na mtu mwenye sare, kisha aondoke akijua kwa nini anaondoka. Mimi mwenyewe nilikosa ujasiri wa kumwambia usoni.

Basi tukaingia. Nesi, dada mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza, akatazama kadi, akatazama mtoto, akamgeukia mama kwa heshima kabisa.

"Shikamoo bibi. Mchana wewe ndiye unabaki naye? Anakunywa mara ngapi?"

"Mara tatu. Akilia sana, mara nne."

"Kila mara unampimia vijiko vingapi?"

"Vijiko vya nini?"

"Vya maziwa, bibi."

Mama akanitazama mimi, halafu nesi, kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wa jirani. "Maziwa ni ya mama yake. Mama yake anampa asubuhi na jioni. Mimi nampa uji."

Majibu yake yote ya simu ya mchana yakanirudia.

Uji unanywewa. Sote tunasema hivyo, mimi mwenyewe nasema hivyo kila asubuhi ninapomwagia kikombe changu. Hata uwe mzito wa kusimamisha kijiko, umekunywa uji, hujala. Na kwa mama, kula ni ugali. Mtoto mwenye meno manne hajaanza kula, ataanza siku yake ikifika. Kwa hiyo kila mchana nilipouliza, mama alinijibu ukweli mtupu. Kanywa uji wake, kamaliza, na kula bado hajaanza. Mimi nikautafsiri ukweli wake kuwa chupa ya maziwa na mgomo wa chakula.

Na maziwa ya kopo, kumbe, hakuyagusa kwa sababu nyingine kabisa. Alimweleza nesi pale pale. Alijua ziwa langu limekauka na kwamba kile kilichomo kwenye kopo kimechukua nafasi yake. Sasa ziwa la mama wa mtoto, yeye bibi anaingiaje? Alikuwa ananiachia kilicho changu.

Kwa hiyo mwanangu alishinda na uji mwepesi wa ulezi, mimi jioni nikamkata nusu ya chupa, na kati ya wanawake wawili wanaompenda kuliko chochote hakuna aliyekuwa anampa maziwa mchana kutwa.

Nesi hakutugombeza. Aliweka kalamu mezani akajifuta uso, nafikiri alikuwa anazuia kicheko, na siwezi kumlaumu. Kisha akatueleza sote wawili kwa pamoja, kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kifipa kwa mama. Maziwa bado ni ya lazima mpaka atimize mwaka, na mchana anayahitaji. Chakula nacho ni cha lazima, na kiwe mara kadhaa kwa siku. Visigongane tu. Usimpe chupa dakika chache kabla ya bakuli halafu ukashangaa akikunja mdomo. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usikimbie, na uwekewe karanga zilizosagwa laini. Maharage yapondwe bila maganda. Parachichi, yai lililoiva vizuri, dagaa waliooshwa wakasagwa unga. Maziwa yapimwe kama kopo linavyoelekeza, bila kuzidisha maji na bila kuzidisha unga. Akiwa hoi na usingizi jioni, usimlazimishe bakuli, mpe maziwa yake kamili.

Kamili. Alilisema akinitazama.

Nilimpigia Deo tukiwa njiani kurudi, nikiwa nimetangulia mbele kidogo. Nikamwambia asije, nilikosea, nitamweleza. Akasema sawa, kwa sauti ile ile aliyosemea sawa ya kwanza. Madereva wa Fuso hawashangai haraka.

Huo mwezi uliofuata ndio ninaotaka kuushukuru hapa, hata kabla mzani haujasema neno. Nilimfundisha mama kupima maziwa. Kwenye chupa nilipaka mistari ya rangi ya kucha, mwekundu ukionyesha maji ya mchana yafike wapi, kwa sababu zile namba zilizochapishwa zinafutika na macho yake hayazioni. Chupa yenyewe haipendi, anasema ina kona zisizofikika, nani ajue kimejificha nini humo. Anapimia humo kisha anamimina kwenye kikombe kidogo na kumnywesha Skola kwa kikombe. Nesi tulipokutana naye sokoni na kumweleza alifurahi, akasema kikombe ni rahisi kukisafisha na mtoto wa umri huu anakiweza. Mama akanitazama kwa mkia wa jicho.

Yanayobaki kikombeni hayawekwi, nilimwambia, yanamwagwa. Hilo hakuliweza. Mtu aliyelima maisha yake yote hamwagi maziwa. Nikamkuta siku moja anayanywa yeye mwenyewe, amekunja uso. Anasema yana ladha ya bati.

Karanga anazikaanga kidogo na kuzitwanga mpaka zinatoa mafuta. Uji wa ulezi sasa unashika kijiko. Maharage anayasugua kwenye chujio kwa mwiko mpaka maganda yanabaki juu, kazi ya kuchosha mkono, na anaifanya huku anamwimbia somo wake kwa Kifipa. Anamwita somo wangu, kwa kuwa wamechangia jina. Skola akisikia mwiko unagonga chujio anatambaa mbio kuelekea jikoni. Nimewahi kumwona akila parachichi mpaka nyusi.

Na simu ya mchana imebadilika. Siulizi tena kanywa au kala. Nauliza, "Mama, leo mmepika nini?" Mama ananieleza kila kitu, polepole, mpaka salio langu linalia.

Tumeitwa. Nakuja.

*

Jioni. Niko nyumbani, jiko la mkaa liko mlangoni, mikono imeanza kurudiwa na joto.

Kaongezeka.

Nilitaka kuliandika neno hilo peke yake nilione. Kaongezeka, tena vizuri. Alipovalishwa ile suruali na kuning'inizwa alishika kamba za mzani kwa mikono yote miwili na kuanza kujirusha, mshale ukawa unacheza, nesi akasubiri, akamshika mguu, akamwachia. Mshale ukatulia. Akausoma, akamwita mwenzake naye ausome, kisha akaweka nukta kwenye kadi, na nukta ilikuwa juu. Hakuna kwenda hospitali ya mkoa. Tuendelee hivi hivi, alisema, na mwezi ujao turudi kama watu wengine.

Nililia. Sikujificha wala sikujikausha. Mama hakuwa amesikia vizuri, akaniuliza kasema nini, nesi ndiye aliyemwambia kwa Kifipa. Mama akakunja magoti kidogo, akapiga makofi ya chini chini, yale ya heshima ya Wafipa wanaposalimiana na wakubwa. Nesi, ambaye kiumri ni kama binti yake, akainuka kwenye kiti akamrudishia vile vile. Skola bado alikuwa ananing'inia pale, akanyoosha mikono aondolewe.

Tukapita dukani Majengo. Nilikuwa nimelifunga tangu asubuhi, nikafungua mlango mmoja tu, tukakaa juani kwenye benchi la wateja. Nikanunua maandazi na chai kwa jirani. Skola alikunywa maziwa yake kwenye kikombe, kisha akashika pedeli mpya ya baiskeli na kujaribu kuitafuna nikamnyang'anya. Nilikuwa na furaha, nikawa naongea hovyo. Mama alikuwa anatazama chai yake.

Akasema, "Siku ile ya kwanza tulipokwenda kwa nesi, mzigo wangu nilikuwa nimeshaufunga."

Nikauliza mzigo gani.

"Wangu wa kurudi Mwimbi. Nilisikia ulipomwambia Deo aje anichukue."

Nyumba yetu ya Kizwite tulihamia haijaisha. Haina dari. Kuta zinafika kimo fulani zinakomea hapo, juu ni mbao na bati, na neno likisemwa chumba kimoja linatembea nyumba nzima. Nilifunga mlango siku ile kama mtu mwenye akili, nikasema yote chini ya bati moja na mwenye kusemwa.

Nikamuuliza kama alisikia na lile la kuchakachua maziwa. Akasema alisikia. Nikamuuliza mbona hakusema kitu, mbona hakunijia juu, mimi ningekuwa yeye ningepiga kelele mpaka Mama Jeni aje kuamua.

Mama alimfunga Skola kifungo cha sweta kabla ya kunijibu. "Ningesema nini? Maziwa sikuyagusa, hilo nalijua. Lakini mtoto alikuwa hanenepi kweli. Nikajua kuna mahali nakosea, ila sipajui. Nikasema niende naye kwanza kwa nesi, nijue somo wangu ana nini. Halafu niondoke."

Alikuwa anakwenda pale ili ajue. Mimi nilikuwa nampeleka ili asutwe. Tulikaa benchi moja, mtoto akiwa katikati yetu, na sote tulikuwa tumeamua kwamba mama anaondoka.

Nilitaka kuomba msamaha pale pale. Mteja akaja kutaka tyubu. Nikamhudumia, nikamrudishia chenji pungufu, akanikumbusha kwa upole. Nilipogeuka mama alikuwa amembeba Skola mgongoni, tayari kwa safari ya nyumbani. Tukatembea. Sikupata pa kuanzia.

Tulipofika aliingia jikoni kuchochea mkaa, mimi nikaingia chumbani kwake kuchukua blanketi la Skola, kwa kuwa mchana wanalala pamoja. Kwenye kona ya kitanda, chini, kulikuwa na mzigo. Kitenge kimefungwa fundo, limekazwa. Nikadhani ni nguo za kufua. Nikaugusa, nikasikia rozari ikilia humo ndani, na kitu kigumu kama sabuni.

Nikamwita. Akaja na mwiko mkononi.

"Mama, huu mzigo hujaufungua?"

"Hukuniambia nikae," akasema. "Ulimwambia Deo asije. Nilisikia pia. Mimi hukuniambia kitu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema maji yamechemka. Mwezi mzima alikuwa anachomoa kitenge anachohitaji, anakirudisha kikikauka, anafunga tena. Aliamka kwenye baridi hii kusaga karanga za mwanangu, akasugua maharage mpaka kiganja kikawa chekundu, akajifunza mistari yangu ya rangi ya kucha, akanywa mabaki yenye ladha ya bati, na muda wote huo alikuwa ni mtu ambaye angeweza kuambiwa kesho nenda. Na mimi nilikuwa napita mlangoni kila siku, shikamoo mama, nakwenda dukani.

Nimeandika humu juu kwamba mwezi huu naushukuru. Naushukuru kweli. Namshukuru Mungu kwa nukta ile iliyopanda, namshukuru nesi kwa kutuuliza swali ambalo mimi sikuliuliza, nalishukuru hata kopo. Lakini aliyeubeba mwezi wenyewe hakuwa ameambiwa kaa.

Nilipiga magoti pale kwenye sementi, kwanza kwa ajili ya fundo, halafu nikaona ndivyo inavyotakiwa hata hivyo. Nikamwambia nisamehe, mama. Nikamwambia kaa. Skola alikuwa ameshatambaa mpaka hapo, ameshika upindo wa kitenge anauvuta kuutia mdomoni. Nikalivuta lile fundo huku na huku, kucha zikateleza, halikulegea.

Mama akainama kuliangalia.

"Nililikaza sana hilo," akasema. "Tumia meno."

Nikatumia meno. Vitenge vyake sasa viko kwenye kabati langu, vimekaa juu ya vyangu, na mimi ndiye niliyevipanga.